Kontena Lisilooshwa

Zuzu, Dodoma
Jumanne

Kwa kaka yangu Zablon,

Shikamoo kaka. Ukifika hapa jua goti nimeshapiga, endelea kusoma. Habari za huko Mlali? Wifi Gladness mgongo umepona, au bado anatembea kama anapalilia? Na uwele je, ndege waliwaachia chochote? Huku joto limepungua, upepo ndio unatutia vumbi mpaka kwenye meno.

Mimi mzima. Mwili ni mzima, roho ndiyo ina hasira, na hasira yenyewe siyo ya kumwambia mtu kwenye simu. Hata hiyo simu yako nimepiga siku tatu, yule dada ananiambia hupatikani. Kwa hiyo naandika. Mwandiko ni uleule wa darasa la nne, vumilia.

Kabla ya yote. Kadi yako ya zahanati usiitoe. Kama umeshaitoa, kaichukue leo hii. Iache barua hapo, nenda, kisha urudi usome. Nitakueleza kwa nini, lakini nenda kwanza.

Umerudi? Sasa sikiliza.

Unajua baada ya shemeji yako Sila kufa nilibeba zege kwenye lile ghorofa la mjini. Miezi tisa, ndoo kichwani, ngazi za mbao. Ghorofa lilipoisha, wenye ofisi ya kompyuta wakapanga humohumo, wakanichukua nifagie na kupiga deki sakafu niliyoibeba mwenyewe. Hilo nilikwambia. Sikukwambia wanafanya nini kwa sababu na mimi sikuwa najua. Nilikuwa nawaona wanakaa, wanakunywa chai, wanagombana na kioo.

Sasa najua. Hao ndio wanaotengeneza ule mfumo mnaoletewa huko, wa vishikwambi. Ule mlioambiwa kadi za makaratasi zirudishwe, kila kitu kitakuwa humo ndani. Unatoka hapa, kaka. Naupanguzia meza.

Bosi anaitwa Ernest. Mtu wa shati safi, hajui jina langu, ananiita mama usafi. Yuko kijana anaitwa Iddy, huyo ndiye fundi mkubwa wa kuandika hayo mambo, ana maneno kama redio. Mimi ananiita injinia. Nikipita na ndoo anawaambia wenzake wakae sawa, injinia anakagua. Na yuko binti wa Kirangi, wa Kondoa, anaitwa Sabrina. Kazi yake ni kujaribu kile wenzake walichotengeneza, aone kitavunjika wapi. Huyo peke yake ndiye anayeniamkia.

Kwenye stoo kuna kompyuta moja chini ya meza. Haizimwi usiku wala mchana. Imebandikwa karatasi, USIZIME. Niliuliza kuna nini humo, Iddy akasema kuna kontena. Nikamwambia kontena ni zile za barabarani wanazouzia soda, hilo la kwake limeingiaje chini ya meza. Akacheka mpaka akakohoa.

Sabrina ndiye aliyenieleza. Alisema ni chombo ambacho hakishikiki, kiko ndani ya kompyuta. Wanatengeneza humo hospitali ya uongo, na wagonjwa wa uongo, kisha wanaupitisha mfumo humo waone unafanya kazi. Hilo ndilo jaribio. Majaribio yako mengi, zaidi ya mia. Alisema kila jaribio linatakiwa lipewe kontena lake jipya, likimaliza kontena linatupwa. Ila kuliwasha jipya kunachukua muda, na kwa majaribio yote hayo wanakaa karibu saa nzima wakingoja. Bosi akachoka kungoja. Akaagiza majaribio yote yatumie kontena moja, lilelile, lisizimwe. Sasa yanaisha kabla chai haijapoa. Bosi akajisifia sana hapo. Sabrina akamwambia sawa, kushirikiana kontena siyo dhambi, watu wanafanya, lakini basi kila jaribio likimaliza lifute uchafu wake. Bosi akasema mtaufuta baadaye. Hawakufuta.

Hiyo ilikuwa mwaka jana.

Sasa Alhamisi iliyopita. Ile mashine ya baridi ya stoo ilivuja, maji yakatembea mpaka kwenye nyaya za chini ya meza. Nilisimama na dekio langu nikayaangalia. Karatasi imesema usizime, nimeisoma. Lakini karatasi haijaona maji. Kule kwenye zege mwenzetu Mazengo alishika waya amesimama kwenye mchanga uliolowa maji, tukamwokota hana uhai. Nikachomoa plagi. Nikakausha, nikachomeka, nikabonyeza, taa ikawaka. Nikaenda mwenyewe kwa bosi nikamwambia nimezima kwa sababu ya maji na nimewasha. Mimi mwenyewe, hakuna aliyenikamata.

Walipopitisha majaribio yao, kumi na moja yakawa mekundu. Nyekundu maana yake limefeli. Tangu mwaka jana yalikuwa kijani yote.

Kaka, nilitukanwa. Bosi alisimama katikati ya ofisi akasema mwanamke wa dekio kaua kazi ya miaka miwili. Iddy akasema injinia kafanya ukaguzi. Nikaambiwa nikae kwenye kiti cha mlangoni, nisiguse kitu. Nilikaa hapo kuanzia saa nne mpaka saa kumi, mikono mapajani, kama niliyekutwa na kuku wa mtu. Wageni wakipita wananiangalia. Hakuna aliyeniambia nikale.

Sabrina hakuinua macho kwenye kioo chake. Alikuwa anafanya kazi. Ijumaa asubuhi akanifuata nje kwenye bomba, akasema mama hukuharibu, mashine ni nzima. Ulichofanya ni kwamba ulipoizima, kontena la zamani likafa na uchafu wake wote, likawaka jipya, tupu. Ndipo majaribio yakasema ukweli.

Nikamwambia anieleze kama mtu, siyo kama kompyuta. Akaeleza hivi. Kuna jaribio moja linamweka mgonjwa wa uongo, linamwandikia moja kwa moja kwenye dirisha la dawa kwamba huyu ana aleji ya penisilini, asichomwe. Linamaliza, linaondoka, halifuti. Linakuja jaribio lingine. Hili linamwandikisha mgonjwa yuleyule mapokezi, nesi anajaza kwamba ana aleji, kisha linaenda dirisha la dawa kuangalia kama habari imefika. Linaikuta. Linasema nimefaulu. Kijani. Kumbe habari ile haikutoka mapokezi. Iliachwa na lile jaribio la kwanza. Mapokezi hawajawahi kutuma kitu. Tangu mfumo uzaliwe, nesi anajaza aleji na dirisha la dawa halioni.

Nikashika bomba, kaka. Maji yakawa yanamwagika tu.

Unakumbuka kibuyu cha mama. Hakiguswi na maji, kinafukizwa tu. Maziwa ya leo yanamiminwa juu ya kilichobaki jana, kesho yameganda. Ni sawa, ndiyo kazi ya kibuyu. Lakini mtu akikuletea maziwa ya ng'ombe wake ununue, ukayamimina humo, yakaganda vizuri, huwezi kusema umeyajua yale maziwa. Umekijua kibuyu chako. Nilimwambia Sabrina hivyo. Akasema ndiyo mama, ndivyo hasa.

Nikamwambia na mengine. Kwamba ninaye kaka, Mlali. Kwamba mwaka wa lile jipu la mguu walimchoma penisilini, midomo ikavimba ikawa kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki, koo likafunga, akawa anavuta pumzi kama mlango wenye kutu. Kwamba mimi ndiye niliyeshika kichwa chake. Kwamba daktari aliandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, mistari miwili chini, na tangu siku hiyo hakuna nesi aliyemgusa kwa sindano hiyo. Sabrina akaniuliza hiyo kadi iko wapi sasa. Nikasema anayo. Nilikuwa sijui kama unayo.

Sabrina akaenda kwa bosi, mbele ya watu wote. Nilikuwa napangusa vioo, nikasikia yote. Alimwambia hizo nyekundu siyo za dekio, ni za mfumo. Akamwomba siku kumi arekebishe na kila jaribio lianze na chombo safi. Hata mfano wa kibuyu aliusema, akasema ni wa mama Zipora. Bosi akasema hapa hatukamui ng'ombe. Iddy akalia kama ndama. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo. Sijui kwa nini. Mtu mwenye hofu anacheka na wanaomcheka.

Bosi akasema jambo moja ambalo kila mtu alilielewa haraka. Juzi yalipita. Jana hayakupita. Katikati hapo kaingia nani? Kaingia dekio. Basi. Sabrina akafungua mdomo, bosi akasema tumemaliza. Akamwagiza Iddy arudishe nakala waliyokuwa wameihifadhi ya kontena la zamani, lenye kila kitu kilichokuwemo. Iddy akarudisha. Yakawa kijani yote. Wakapiga makofi. Iddy hakupiga, nilimwangalia. Alikuwa anaangalia kioo chake na hakuniita injinia siku hiyo tena.

Sabrina akaambiwa aende nyumbani mpaka aitwe.

Kaka, nina hasira na Ernest. Nina hasira na shati lake. Nina hasira na mtu aliyesoma mpaka akapewa joho halafu anapata saa moja ya kukaa bure na anaiona ni hasara. Sisi tulikuwa tunangoja zege likauke siku ishirini na nane. Hakuna aliyesema tupande juu leo kwa sababu kungoja kunachosha. Kila ndoo ya kokoto waliyoipima waliimwaga, wakaosha, ndipo wakapima nyingine, na aliyetupigia kelele tuoshe alikuwa msimamizi aliyeishia darasa la saba. Hawa wana vyeti ukutani. Wamepima ndoo chafu mwaka mzima wakaandika safi.

Nina hasira na wewe pia. Ulinitumia salamu kwamba kijiji chenu mmechaguliwa, mtakuwa wa kwanza, kadi za makaratasi ni ushamba. Ushamba ndio umekuweka hai.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Nimelizungukia kurasa nzima.

Jana Jumatatu walikuja wageni, wale wanaotakiwa kuukubali mfumo ndipo uende vijijini. Wanaume wawili na mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. Asubuhi kabla hawajafika bosi aliniita ofisini kwake. Akanivutia kiti. Akanipa soda. Akaniita mama Zipora, kumbe jina langu analijua. Akaniwekea karatasi. Nilisoma yote, polepole, naye akangoja. Imeandikwa kwamba mfanya usafi alizima mashine bila ruhusa, akaharibu kumbukumbu za majaribio, na mfumo wenyewe hauna kasoro. Akasema wageni wana taarifa kwamba kuna siku majaribio yalifeli, wanataka sababu. Nikiweka sahihi, ananiandika kazi ya kudumu, na bima ya matibabu. Nisipoweka, nijue wanawake wangapi wanalala pale getini wakiomba kazi ya deki.

Niliweka sahihi.

Ngoja, siyo hiyo tu. Hiyo ungeweza kunisamehe, mtu anaweza kusema alilazimishwa.

Wale wageni waliponiona, yule mama mwenye miwani aliniita pembeni. Aliniita dada. Akasema nisiogope, hakuna atakayenifukuza, anataka kujua tu kutoka mdomoni mwangu. Ni kweli mimi niliharibu? Na baada ya kuwasha, mashine ilikuwa na shida, au kuna kitu kingine? Alinipa mlango, kaka. Aliufungua kabisa na akausimamia. Nikasema ndiyo, niliharibu mimi. Akaendelea kuniangalia, akangoja. Nami nikasema, mfumo ni mzima.

Hilo la mwisho sikuambiwa niseme. Kwenye karatasi liliandikwa, lakini hakuna aliyeniagiza nilitamke. Niliongeza mwenyewe. Nilikuwa naiona ile bima, nilikuwa nayaona magoti yangu, nikaongeza.

Na nilijua. Usije ukafikiri sikujua. Ijumaa jioni mimi ndiye niliyeshusha katoni za vishikwambi ngazi mpaka kwenye gari, bosi hakungoja wageni wakubali. Kila katoni imeandikwa inakokwenda. Ya juu kabisa ilikuwa ya zahanati yenu. Niliibeba kifuani. Nilisoma jina la kijiji chenu na pua yangu ikigusa maandishi. Siku tatu baadaye nikasimama mbele ya yule mama nikasema mfumo ni mzima.

Kwa hiyo ukisikia hasira yangu kwa Ernest jua nusu yake nimeikosea anwani. Yeye hakujui. Hajawahi kushika kichwa chako. Mimi nilikishika.

Waliondoka, wakakubali. Nilikwenda kwenye bomba nikaosha mikono, kisha nikaosha tena. Jioni nilifika kwa Sabrina, anakopanga. Nilitaka anitukane. Nilimweleza kila kitu, nimesimama mlangoni, sikukubali kukaa. Akauliza tu, huko Mlali wanaanza lini? Nikasema Jumatatu ijayo. Akasema basi tuna siku sita, na akaanza kupanga nguo kwenye begi. Sikumwomba. Hana nauli ya kuchezea na kazi ameshaipoteza au anakaribia kuipoteza. Mimi nilimwuza na yeye anapanga nguo.

Kwa hiyo barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Mtu mfupi, mtandio wa bluu. Mpokee. Wifi ampikie ugali na mlenda, asimpe maneno mengi, amechoka. Mpeleke kwa nesi. Nesi afungue kishikwambi, aandike jina lako mapokezi, ajaze aleji. Kisha afungue dirisha la dawa, atafute jina lako. Huko kwenu ndiko kwenye chombo kipya, kaka. Hakuna kilichoachwa na mtu wa jana. Hakuna masalia ya kukuokoa. Kitakachoonekana hapo ndicho mfumo ulichonacho. Nesi apige picha ya kioo. Sabrina anajua picha ipelekwe wapi.

Na hata kama wakisema wamerekebisha, kabla ya sindano yoyote, ya nesi yeyote, sema kwa mdomo wako. Sema kwa sauti. Ukizidiwa huwezi kusema, aseme Gladness. Mfundishe na jirani.

Kuhusu mimi. Namba ya yule mama mwenye miwani nilimwomba mlinzi, iko kwenye daftari la wageni. Nimempigia leo asubuhi. Nilimwambia ni mimi, yule wa deki, na kwamba nilisema uongo mara mbili. Akasema niende Alhamisi saa tatu, niseme tena mbele ya wenzake, na kwamba nifikirie vizuri maana karatasi ina sahihi yangu. Nitakwenda. Labda watasema mwanamke huyu jana alisema hivi leo anasema vile, tumwamini wa siku gani. Watakuwa na haki. Leo sikwenda kazini na sijatumiwa mtu wa kuniita. Getini watakuwa wamepata mtu mwingine. Zege bado lipo, watu wanajenga kila siku Dodoma hii.

Sikuombi msamaha. Usinitumie salamu kwamba umenisamehe, nitakasirika zaidi. Niandikie tu nesi aliona nini kwenye dirisha la dawa.

Msalimie wifi, mwambie asibebe ndoo. Wasalimie wote wa kwa mzee, na anayeniuliza mwambie nipo, napumua. Upande wa marehemu Sila hawajambo, kaburi tulilipalilia mwezi uliopita.

Nimekomea hapa, karatasi imeisha.

Ni mimi mdogo wako,
Zipora, mjane wa Sila